UKAUSHAJI WA MBAO: KUTOKA BONDE LA KILOMBERO HADI KARAKANA ZA VISIWANI



Mlango unaopinda miezi michache baada ya kutiwa katika fremu humvunjia fundi heshima na humtia mnunuzi hasarani. Fundi hulaumiwa kwa kazi mbovu, ilhali mara nyingi kosa lilitendeka kabla randa haijagusa ubao: mbao zilikaushwa kwa pupa.

Mbao nyingi zinazotumika Visiwani hutoka Bara. Mojawapo ya sehemu zinazotoa mitiki ni Bonde la Kilombero, ambako kampuni ya Kilombero Valley Teak ilianzishwa mwaka 1992. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mbao zinazoanikwa nje huko Ifakara hukawia kukauka. Ndipo tanuri dogo la jua, lenye kuta za mbao, paa la nailoni ing'aayo, matundu ya hewa na pangaboi, linapomfaa mpasuaji wa kule na fundi wa hapa.

Ijulikane kuwa joto peke yake si dawa. Ubao huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Joto likiwa kali na hewa ikiwa kavu mno, ngozi ya nje hukauka na kukaza, ilhali ndani mngali na maji. Hapo ubao hupasuka.

Kwa hiyo mwenye tanuri anashauriwa kutundika vipimajoto viwili, kimoja kikiviringishwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo inayoonyesha ukavu wa hewa. Kipimajoto kikavu kikisoma nyuzi 45 za Selsiasi na chenye kitambaa nyuzi 42, unyevu wa hewa ni karibu asilimia 83. Hali hiyo yazifaa mbao mbichi. Baadaye matundu yafunguliwe kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka tofauti ifike nyuzi 10, ambapo unyevu wa hewa huwa karibu asilimia 52. Tofauti ikizidi mapema, matundu yafungwe na maji yanyunyizwe sakafuni.

Mbao zitenganishwe kwa vijiti vya unene mmoja, vilivyopangwa wima kijiti juu ya kijiti, na ncha zake zipakwe rangi ya mafuta.

Ili kuhakikisha, kipande kipimwe uzito, kisha kikaushwe katika joko la nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena. Gramu 260 zikibaki 200, maji yaliyotoka ni gramu 60, yaani asilimia 30 ya uzito mkavu: ubao huo bado. Kwa samani za ndani, katika hewa yetu ya pwani, asilimia 12 hadi 14 yatosha.

Wanunuzi nao wanakumbushwa kuuliza unyevu wa mbao kabla ya kuuliza bei, na kuzifunika kwa turubali zinapovushwa bahari. Mwenda pole hajikwai.