Pole Si Fidia

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, juu ya haki za vibarua wanaoumia katika kazi za ujenzi)



Mmetutaka tuseme juu ya vibarua wanaoumia katika ujenzi. Hapana mtu katika mkutano huu asiye na ndugu, mpangaji au jirani abebaye zege, afungaye nondo au achimbaye msingi. Basi habari hii si ya watu wa mbali.

Jumba likianguka nchi nzima husikia. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jumba lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo, na waliokufa walipita 20. Siku kama hizo wakubwa hufika, tume huundwa, na magazeti hujaa picha.

Lakini vibarua wengi hawaumii kwa kishindo cha namna hiyo. Huumia mmoja mmoja. Huyu ameteleza juu ya jukwaa la mirunda iliyofungwa kwa kamba mbovu. Yule kifusi cha mtaro kimemfunika hadi kifuani. Mwingine ameinua nondo ikagusa waya wa umeme. Hapana tume wala picha. Jioni ile ile zege humwagwa, na kesho yake mtu mwingine amekwisha kushika karai la mwenzake.

Hapo ndipo wizi huanza. Twasema wizi, wala hatuoni neno jingine la kufaa.

Nyapara huja hospitali na bahasha. Ndani mna shilingi 50,000, au 100,000 tajiri akiwa na haya kidogo. Nyapara husema: "Bwana mkubwa amekupa pole. Tia kidole hapa." Mgonjwa ana maumivu, mkewe analia, dawa zataka fedha, basi hutia kidole. Karatasi ile aliyoitia kidole hakusomewa. Pengine yasema amekwisha kulipwa haki zake zote. Pengine yasema alianguka nyumbani kwake.

Ndugu zangu, hatuipigi vita desturi ya kutoa pole. Tajiri akileta mchele na sukari, apokewe na ashukuriwe. Lakini pole ni hisani, na fidia ni deni. Hisani hutolewa kwa kadiri ya moyo wa mtoaji. Deni hulipwa kwa kadiri ya sheria.

Na sheria ipo. Zamani tulikuwa na ile iliyotungwa na Mwingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilibaki vitabuni miaka mingi baada ya Uhuru, na viwango vyake viliachwa vikaoza: mtu aliyepata kilema cha maisha hakuweza kupata zaidi ya shilingi 108,000, na aliyekufa warithi wake hawakupata zaidi ya shilingi 83,000. Hiyo ilikuwa aibu yetu wenyewe, wala tusimtupie Mwingereza yote. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, na mwaka 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Tanzania Bara. Mchango wa Mfuko hutolewa na mwajiri peke yake. Akikukata mshahara kwa ajili hiyo, amekudhulumu.

Sasa tupige hesabu, kwa maana hesabu ndiyo ifumbuayo macho. Tuchukue fundi mwashi apataye shilingi 300,000 kwa mwezi. Amevunjika mguu, hawezi kazi kwa miezi 8. Kwa sheria hii hulipwa asilimia 70 ya pato lake, yaani shilingi 210,000 kila mwezi. Miezi 8 ni shilingi 1,680,000, na matibabu ni mbali. Akibaki na kilema, hicho nacho hupimwa na kulipwa. Akifa, mjane na watoto wana haki yao. Iwekeni hesabu hiyo kando ya bahasha ya nyapara, mwone kilichouzwa kwa kidole kimoja.

Mtu atauliza: ikiwa Mfuko ndio ulipao, tajiri aficha nini? Swali jema. Tajiri aliyejiandikisha na kuchanga hana sababu ya kuficha. Ajaye mbio na bahasha mara nyingi ni yule ambaye hakujiandikisha, au aliandikisha watu 10 huku anao 60. Kosa hilo ni lake, si la kibarua, nalo lafaa lifikishwe Mfukoni bila kuogopa.

Lakini haki bila ushahidi ni kama jembe bila mpini. Kibarua wetu hana barua ya kazi. Huitwa kwa jina la utani, hulipwa mkononi jioni, na siku ya ajali nyapara husema hamjui. Kwa hiyo kila kibarua awe na daftari dogo la shilingi mia chache. Aandike tarehe, mahali, kazi aliyofanya na malipo aliyopata. Aandike pia jina la mkandarasi lililo kwenye kibao cha mradi; na kama kibao hakipo, hiyo peke yake ni dalili mbaya. Asiyejua kuandika amwombe mwanawe aendaye shule.

Siku ya ajali, wenzake wasitawanyike. Wawili au watatu watoe majina yao na simu zao. Daktari aambiwe wazi kwamba mtu huyu ameumia kazini, aandike hivyo, kwa kuwa karatasi ya hospitali huaminiwa kuliko maneno yetu. Mwajiri apewe habari mara moja, na tangu apewe anazo siku 7 za kuufikishia Mfuko. Msimngoje. Mgonjwa au jamaa zake waweza kwenda wenyewe, ila mwaka usipite tangu siku ya ajali. Wengi wameipoteza haki yao kwa kungoja ahadi ya "mwezi ujao".

Juu ya wanasheria, twajua mnaogopa gharama. Tangu mwaka 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria, nayo imewatambua wasaidizi wa kisheria. Hao hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini husoma karatasi, huandika barua, na huonyesha njia. Na maskini hawamtozi. Aliyekwisha kutia kidole asikate tamaa, aichukue karatasi ile akasomewe. Tena mtu asiporidhika na uamuzi wa Mfuko, njia ya rufani ipo, hata kufika Mahakama ya Kazi. Wale vishoka wakaao nje ya mahakama na kudai nusu ya fidia, waepukeni kama ukoma.

Wapo wasemao ajali ni kudura ya Mungu, hivyo kudai ni kukufuru. Twawaheshimu wazee wasemao hivyo. Lakini kamba mbovu ya jukwaa haikuletwa na kudura. Ililetwa na mtu aliyetaka kubakiza fedha ya kamba nzuri. Wengine huogopa kufukuzwa kazi. Hofu hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau. Ndiyo maana shahidi asiende peke yake: waende watatu, na waliomo katika chama cha wafanyakazi wafuatane na kiongozi wao.

Tumekubaliana na Mwenyekiti kwamba vijana wawili wajuao kuandika watakaa hapa ofisini kila Jumamosi alasiri kupokea habari za walioumia na kuwapeleka kwa wasaidizi wa kisheria, bila malipo. Daftari liko mezani kwa Katibu. Ambao ajali zao hazijatimiza mwaka waandikishwe leo kabla hatujatawanyika, na wa kwanza wawe wale waliobakiza siku chache.