Kibiriti Kilicholowana: Mhadhara juu ya Kuacha Sigara



Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akashuka Kibamba, kwenye ufuko huu huu wetu wa Fizi, Kongo. Huku alijiita Tatu. Habari za vita vyake wazee wetu wanazijua kunishinda. Mimi leo nauliza habari za moshi wake. Alikuwa daktari, amehitimu Buenos Aires mwaka 1953. Pumu ilimshika tangu utotoni. Na tumbaku alivuta. Nani angemfundisha mtu yule kazi ya mapafu? Ndiyo maana sikuja kuwaambia kwamba sigara ni mbaya. Mvutaji wa hapa mjini Baraka anajua. Anakohoa kila alfajiri.

Nimekuja kwa ajili ya neno moja ambalo kila mvutaji analo mdomoni: “Nitaacha nikijisikia tayari.” Mchimba dhahabu wa Misisi atakuwa tayari akitoka shimoni. Mama aliyekimbia vita mara tatu atakuwa tayari nchi ikitulia. Siwacheki. Katika Fizi, kungoja mambo yatulie ni akili ya kawaida kabisa, nasi tumengoja miaka mingi.

Wataalamu nao waliliheshimu neno hilo. Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Prochaska na DiClemente, walieleza kuacha sigara kama safari ya hatua: mtu hajafikiri, anafikiri, anaacha, anadumu. Baadaye ikaongezwa hatua ya kujiandaa. Waganga wengi wakajifunza kutomsukuma mgonjwa asiyefika hatua yake. Lakini mwaka 2006 West na Sohal waliwauliza wavutaji wa Uingereza waliacha vipi hasa. Karibu nusu ya majaribio hayakupangwa hata kidogo: mtu aliamua akaacha papo hapo. Na hao wa papo hapo ndio waliofika miezi 6 bila sigara kwa wingi zaidi. Huenda anayepanga sana ni yule aliyefungwa sana na tumbaku, kwa hiyo nisiseme kwamba mipango ni sumu. Nasema tu kwamba utayari haukuwatangulia; wengi walikutana nao njiani.

Mimi mwenyewe niliacha ndani ya boti ya Uvira. Wimbi liliingia, kibiriti kikalowana, na jirani yangu alikuwa mlokole. Kufika jioni nilikuwa na hasira za mbwa, lakini nilikuwa nimemaliza siku nzima. Nikaona haya kuipoteza siku niliyokwisha kuilipia. Kama mngeniuliza asubuhi ile kule gatini, ningewaapia kwamba siko tayari.

Hesabu ya mwili iko hivi. Nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na ikikosekana mwili unaanza kudai baada ya saa chache. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali: usingizi haushikiki, ugali hauna ladha, watoto wanakukimbia. Baada ya wiki mbili hadi nne, madai mengi yanalegea. Kupunguza polepole kunaonekana kuwa upole, ila mwaka 2016 utafiti wa Uingereza wa watu 697 ulipima njia zote mbili: baada ya wiki nne, walioacha kwa mkupuo walikuwa bado wameacha 49 kwa 100, na waliopunguza kwanza kwa wiki mbili walikuwa 39. Wote walipewa ushauri na dawa za nikotini. Dawa hizo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na Kongo iliridhia mkataba wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005. Karatasi tunazo.

Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji sana. Vinasema, tupa pakiti. Pakiti gani? Sisi tunanunua moja moja, mezani kwa mama anayetujua kwa jina na anayetukopesha. Anayeacha sigara hapa Baraka hana cha kutupa. Ana njia ya kubadili, na deni la kumaliza kwanza ili asiitwe.

Wavuvi wa ndagala waliniuliza juzi: usiku kucha ziwani, baridi, taa, bila sigara tutakesha vipi? Nikawajibu kwa kalenda yao wenyewe. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Siku tatu zile za kwanza zianguke hapo, mtu alale mchana akitaka, agombane na mkewe akiwa nchi kavu. Mmoja akacheka: “Mwalimu, mbalamwezi ndipo tunapokunywa.” Alikuwa na haki, pombe na sigara ni ndugu. Nikamwambia basi aende kwa mama yake Ubwari siku hizo tatu. Akauliza mwezi utajaa lini.