Hotuba juu ya Marehemu Nyandika Maiyoro, Mkimbiaji
(Iliyosomwa na karani katika mkutano mkuu wa mwaka, Kakamega)



Katika hesabu za mwaka huu mmeliona fungu la michezo ya vijana, na baadhi ya wazee wameuliza, tena kwa haki, kikombe kiko wapi. Kabla halijafutwa, naomba ruhusa nimtaje Nyandika Maiyoro wa Kisii. Huyu alikuwa mtu wa mkoa mmoja na sisi, maana hadi mwaka 1963 Kakamega nayo ilikuwa Nyanza.

Siku zile Wazungu wengi walisadiki kwamba Mwafrika huweza mbio fupi tu, za mbali hana pumzi. Julai 1954 Nyandika alikwenda London pamoja na Lazaro Chepkwony wa Nandi. Chepkwony alikimbia maili sita miguu mitupu, mara akiongeza mwendo, mara akiupunguza, hata mguu ukamuuma akatoka. Kisha Nyandika akaingia katika maili tatu. Aliondoka kwa kasi akawaacha wenzake mbali. Mwishowe Green na Chataway walimpita, nao wakavunja rekodi ya dunia. Yeye alikuwa wa tatu. Mwezi uliofuata, huko Vancouver, alikuwa wa nne.

Kenya ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, alikuwa wa saba katika mita 5,000. Roma, mwaka 1960, alikuwa wa sita, kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Mshindi, Murray Halberg wa New Zealand, alimtangulia kwa sekunde zisizotimia kumi.

Wa tatu, wa nne, wa saba, wa sita. Wazee wangu, Olimpiki hakurudi na medali hata moja. Lau wakubwa wake wangalidai kikombe, wangalimnyima nauli baada ya Vancouver. Lakini mwaka 1968, huko Mexico, Naftali Temu, naye mwana wa Kisii, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000. Nyandika aliishi akayaona hayo na mengi zaidi, hata alipofariki mwaka 2019.

Mimi sikuwa mkimbiaji. Shuleni nilipewa kazi ya kushika saa tu. Ila naomba fungu lile libaki. Ni la chokaa ya kuchora mistari uwanjani, na chai ya vijana watokao mbali.