HOTUBA YA MWENYEKITI: MOSHI ULIKUWA UNAKULA HISA ZANGU

(Ilisomwa siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu)

 

Awali ya yote namshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tulianza Oktoba 2015 tukiwa wanawake 22, na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu. Leo Oktoba 2025 tupo hapa hapa Urambo, chini ya mwembe ule ule, na sanduku ni lile lile ila rangi imebadilika.

Katibu aliniambia niseme habari za maendeleo. Lakini mama mweka hazina atasoma taarifa ya fedha, na yeye hesabu anazijua kuliko mimi. Mimi ni darasa la saba la mwaka 1983. Nimeomba ruhusa niseme jambo moja tu, ambalo wanakikundi wa zamani wanalijua na wale waliojiunga karibuni wamelisikia kwa mbali. Ni habari ya mimi mwenyekiti wenu na sigara. Najua wengine mtaona aibu kwa niaba yangu. Msione. Aibu nilishaimaliza.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa katika tumbaku, kama wengi wenu. Tumbaku ndiyo iliyonivisha sare ya shule. Tukitoka darasani tulikwenda kuchuma majani, tunayafunga kwenye fito, wanaume wanayapandisha kwenye bani. Nakumbuka asubuhi zenye umande. Unachuma majani mabichi yaliyolowa, nguo inalowa, baada ya muda kichwa kinazunguka na unatapika. Wakubwa walituambia, "Utazoea." Baadaye sana ndipo nilipoambiwa na daktari kwamba ile ni sumu ya nikotini inayopita kwenye ngozi kutoka jani bichi, na ni nikotini hiyo hiyo iliyomo ndani ya sigara. Kwa hiyo mwili wangu ulikataa tumbaku tangu utotoni, ila sikuuelewa.

Usiku baba alikuwa analinda moto wa bani, maana moto ule hautakiwi kuzimika. Mimi nilikuwa nampelekea chai. Alikuwa anasokota tumbaku kwenye gazeti ili asisinzie. Siku moja, nikiwa na miaka 15, nami nikavuta ili nisisinzie. Nikakohoa mpaka machozi. Nikajisemea, nitazoea. Kweli nikazoea. Nilizoea kwa miaka 35.

Mwanamke akivuta sigara kwetu huku anaitwa majina mabaya, mnayajua. Basi mimi nikawa mvutaji wa kujificha. Nilivuta nyuma ya choo, nilivuta alfajiri kabla watu hawajaamka. Kwa kuwa mimi ni mama lishe pale stendi, harufu nikaisingizia moshi wa kuni. Mfukoni sikukosa karafuu za kutafuna. Mume wangu, Mungu amrehemu, alijua akanyamaza. Watoto walijua wakanyamaza. Nilidhani nimewaficha, kumbe wamenistahi.

Sasa niwaambie hesabu. Nilikuwa navuta sigara nane kwa siku, nanunua moja moja kwa shilingi 150. Hiyo ni 1,200 kwa siku, na kwa wiki ni 8,400. Wakati huo hisa yetu moja ni shilingi 2,000, na mimi kila Alhamisi nanunua hisa mbili, yaani 4,000. Mwenyekiti mzima, hisa mbili! Wenzangu wauza mboga wananunua tano. Nikiulizwa nasema biashara ngumu, ada za watoto, wageni. Mwaka 2017 nilichelewesha rejesho la mkopo wiki tatu. Nilisema nina mgonjwa nyumbani, mkanionea huruma, mkanisamehe faini. Hakukuwa na mgonjwa. Fedha nilikuwa nimeichoma moto kidogo kidogo.

Agosti 2019 ndipo mambo yalipofika. Ilikuwa asubuhi, natenga supu. Nikasikia kifua kinabanwa kama mtu amekalia juu yake. Maumivu yakapanda shingoni, yakashuka mkono wa kushoto. Jasho likanitoka, jasho la baridi. Nikaenda kwenye zahanati moja, nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, nikapewa dawa nikarudi nyumbani. Usiku ikawa mbaya zaidi, nikawa sipati pumzi. Wanakikundi wawili walinipakia kwenye gari usiku ule ule, nikafikishwa hospitali. Wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ya mistari. Daktari akaiangalia, akasema, "Mama, huu ni moyo. Sehemu ya moyo wako imekosa damu."

Akaniuliza, "Unavuta sigara?"

Binti yangu amesimama pale, wanakikundi wangu wawili wamesimama pale. Nikajibu, "Hapana."

Jamani, nipo kitandani, sijui kama kutakucha, na bado nasema uongo! Daktari yule kijana hakunibishia. Aliwaomba wenzangu watoke kidogo, akashika mkono wangu, akaangalia vidole hivi viwili. Akasema, "Mama, vidole vyako ni vya njano. Mimi siyo mumeo wala mchungaji wako. Nataka nikutibu." Hapo nikalia, nikamwambia yote.

Akanieleza taratibu. Moshi wa sigara unaharibu mishipa inayopeleka damu kwenye moyo, inakuwa myembamba. Unafanya damu igande upesi. Pia moshi una hewa yenye sumu inayochukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Nikamwambia mimi navuta nane tu, siyo pakiti. Akasema kwa moyo hakuna kidogo, hata moja kwa siku ina madhara. Nikauliza, kwa miaka yote hii si nimeshachelewa? Akasema hapana. Ukiacha leo, mapigo ya moyo yanaanza kushuka ndani ya dakika 20. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa huu wa moyo itokanayo na sigara inapungua karibu nusu. Lile neno la nusu lilinishika, kwa sababu mtu wa hisa anaelewa nusu.

Nililazwa siku sita. Kikundi kilitoa shilingi 100,000 kutoka mfuko wa jamii kwa matibabu yangu. Mliniletea uji, mlinifulia, mlipokezana kulala kwangu. Mimi nikatoka na dawa zangu na kiapo moyoni kwamba sivuti tena, na sitamwambia mtu yeyote. Nilijua hofu ya kifo itanitosha.

Haikutosha. Nilikaa siku 11. Siku ya 12, usiku, usingizi hakuna, hasira zimenijaa, mjukuu analia, nikatoka nikavuta nyuma ya choo. Ile sigara nilivuta huku mkono mmoja uko kifuani nasikiliza moyo. Nikajiona mwendawazimu. Nikajua peke yangu siwezi.

Alhamisi iliyofuata, mwezi Septemba, baada ya kufungua kikao nikasimama nikasema kila kitu. Sigara, uongo wa hospitalini, uongo wa mwaka 2017, na kwamba juzi nimevuta tena. Palikuwa kimya. Halafu mama mmoja, yupo hapa leo na ameniruhusu nimseme ila jina nisitaje, akasimama kwa ukali. Akasema, "Mfuko wa jamii ni wa ugonjwa, siyo wa moshi. Mimi nimeuza mchicha kuchangia mfuko huo. Mwenyekiti arudishe laki moja yetu, na faini ya mwaka 2017 alipe."

Wengine walimzomea. Walisema mgonjwa hasemwi hivyo. Wengine walisema nijiuzulu. Tulibishana mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwisho mkaamua hivi: niendelee na uenyekiti, faini nilipe siku ile ile, laki moja niirudishe kidogo kidogo. Na kila Alhamisi, kabla ya kununua hisa, nisimame nitaje siku ngapi sijavuta. Nikivuta niseme nimevuta.

Sitawaficha, yule mama nilimchukia wiki mbili nzima. Lakini ndiye aliyekuja kwangu jioni na mfuko wa kitambaa aliouushona mwenyewe. Akasema, "Dada, zile 8,400 usiseme huna. Ulikuwa nazo. Zitie humu kila siku, 1,200." Nikatia. Wiki 12 tu, laki moja ya mfuko wa jamii ikarudi, na 800 ikabaki. Wiki 12! Miaka yote nilikuwa nalia sina, kumbe ninazo. Baada ya hapo 6,000 ikaongeza hisa tatu, nikawa mtu wa hisa tano kama wenzangu. Ile 2,400 iliyobaki ikawa ya dawa zangu za moyo.

Sasa kwa faida ya wale wanaotaka kuacha, maana wapo, nitaje yaliyonisaidia.

Kwanza, nilisema mbele za watu. Siri ndiyo iliyokuwa inanivutisha.

Pili, nilijua saa zangu. Mimi ilikuwa baada ya chai, baada ya kula, na wakati wa kuhesabu fedha jioni. Chai nikaacha kunywa nyuma ya nyumba, nikawa nanywa na wateja. Fedha nikawa nahesabu na binti yangu.

Tatu, ile hamu ikija haikai siku nzima. Inapanda, halafu baada ya dakika chache inashuka. Nilikuwa nakunywa maji, natafuna mti wa mswaki, au nafagia uwanja. Uwanja wangu ulifagiwa mpaka majirani wakauliza kuna msiba gani.

Nne, wiki za kwanza ni ngumu, tuelewane. Hasira, kukosa usingizi, njaa, hata kikohozi. Siyo kwamba unaugua, ni mwili unadai. Waambieni watu wa nyumbani wawavumilie.

Tano, ukianguka usiseme basi tena. Mimi nilianguka mara moja nyingine, Desemba mwaka ule, msibani. Alhamisi nikasimama nikasema, "Siku mbili." Hakuna aliyecheka. Tangu hapo sijavuta.

Mama zangu mnaotumia ugoro, nawaheshimu, lakini msiseme ugoro siyo sigara. Ni tumbaku ile ile na nikotini ile ile, hautoi moshi tu. Haumtibu mtu mafua wala meno. Na wale mnaovutiwa na waume ndani ya nyumba, moshi ule unamdhuru na asiyevuta. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani, na miongoni mwao wapo ambao hawakuvuta hata siku moja. Mimi nilikuwa nalala na mjukuu kitanda kimoja na nguo zangu zinanuka. Namshukuru Mungu.

Liko jambo moja gumu, na sitalikwepa kwa sababu mabwana zetu wako hapa. Hisa nyingi za kikundi hiki zinatokana na tumbaku. Mwezi wa malipo ya chama cha msingi ndipo sanduku linapojaa. Siwezi kusimama hapa niseme tuache kulima kesho, watoto wetu wale nini? Mimi mwenyewe nimesomeshwa nayo. Ninachosema ni hiki: watoto wasichume majani yenye umande, na mtu mzima anayechuma avae nguo ya mikono mirefu na glavu, anawe. Na mtoto asitumwe kununua sigara wala asiuziwe. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Na mkopo wa kikundi ukiombwa kwa ajili ya alizeti, karanga au kuku, tuupe nafasi ya mbele. Hilo liko ndani ya uwezo wetu.

Ndugu zangu, mwezi uliopita nilitimiza miaka 56. Dawa za moyo bado nameza kila siku, na kilima cha kwenda kisimani napanda kwa kupumzika mara moja. Sikupona kama mtoto mdogo. Lakini nipo. Wapo wenzetu watatu waliokuwa wanavuta au kunusa ugoro kwa siri ambao baada yangu walisimama Alhamisi wakataja siku zao. Wawili wameacha kabisa. Mmoja bado anahangaika, na kila wiki anasema ukweli wake na tunampokea.

Watu wanasema vikundi ni fedha. Mimi sanduku hili nalijua kwa namna nyingine. Alhamisi ijayo kikao ni saa tisa kama kawaida. Atakayetaka kutaja siku yake ya kwanza, nitampisha asimame kabla yangu.