Openbox katika Maabara ya Shule: Programu ya Madirisha Inapojitegemea



Wengi wetu tunaosimamia maabara za kompyuta mashuleni tumekabidhiwa mashine za zamani, na malalamiko ni yale yale: kompyuta nzito, inaganda. Lawama zote tunaitupia mashine. Leo naomba tuitazame sehemu ya mfumo isiyotajwa sana, yaani programu inayosimamia madirisha, na mfano wangu ni Openbox. Naamini kwamba sehemu hii ikijitegemea, mwalimu anabaki na kauli juu ya maabara yake.

Katika Linux inayotumia mfumo wa X, ulioanzia chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1984, programu ya kuandikia huchora ukurasa na menyu zake tu. Utepe wa juu wenye jina la faili, vitufe vya kufunga na kukuza, na uamuzi wa dirisha lipi likae mbele na lipi lipokee herufi unazochapa, hayo yote hufanywa na programu nyingine kabisa. Waasisi wa X walikusudia hivyo: mfumo utoe nyenzo, namna ya kuzitumia waamue wengine. Ndiyo maana programu za kazi hii ni nyingi: twm ya mwaka 1987, IceWM, Fluxbox, i3, dwm na nyinginezo.

Jaribuni wenyewe. Kwenye mashine yenye Xfce, eneo-kazi la Linux, fungua barua na uandike mistari kadhaa bila kuihifadhi. Kisha fungua dirisha la amri na uandike openbox --replace. Vitepe vya juu vitatoweka kidogo, halafu vitarudi na sura nyingine. Barua yako bado ipo, herufi kwa herufi. Umebadilisha msimamizi wa madirisha huku kazi ikiendelea, bila kuwasha upya kompyuta. Kwa fundi hili ni jambo kubwa, maana kitu unachoweza kukichomoa peke yake, unaweza pia kukichunguza na kukitengeneza peke yake.

Openbox ilianza mwaka 2002 ikitokana na Blackbox, programu nyingine ya kusimamia madirisha, na toleo lake la 3 likaandikwa upya kwa lugha ya C. Haina mwambaa wa kazi, haina picha ya usuli, wala haiweki alama za faili kwenye skrini. Anayevitaka huviongeza kwa programu nyingine. Kwa wepesi huo mradi wa eneo-kazi la LXDE uliichagua, na kompyuta ndogo za Raspberry Pi zikaitumia kwa miaka mingi. Hata hivyo tusidanganyane: haitaufanya mtandao uwe mwepesi. Kivinjari cha leo chenye kurasa kadhaa wazi hula kumbukumbu chenyewe, na hapo Openbox haina la kufanya.

Kinachonivutia zaidi ni menyu. Openbox ikiendeshwa bila eneo-kazi kama Xfce, ukibofya kitufe cha kulia mahali patupu kwenye skrini, inatokea orodha inayosomwa kutoka faili la maandishi ya kawaida, menu.xml. Kila kipengele kina jina na amri ya kutekeleza. Jina unaliandika wewe, kwa Kiswahili ukipenda: "Andika insha", "Jedwali la alama", "Zima kompyuta". Faili hilo likiwekwa katika /etc/xdg/openbox, kila mwanafunzi asiye na menyu yake ataona hiyo hiyo. Hifadhi nakala kabla ya kuligusa, kwani alama moja isiyofungwa inatosha kuharibu menyu nzima. Ukimaliza, openbox --reconfigure inalisoma upya papo hapo.

Kuna swali la haki la uhai wa Openbox. Toleo la 3.6.1 lilitoka mwaka 2015, na X yenyewe inauachia nafasi mfumo mpya wa Wayland. Wayland imeziba tundu halisi, kwa kuwa ndani ya X programu moja inaweza kunasa herufi unazochapa kwenye programu nyingine. Lakini huko msimamizi wa madirisha na mchoraji wa skrini wameunganishwa kuwa programu moja, na ikianguka, kwa kawaida madirisha yote huanguka nayo. Jaribio letu la barua halitawezekana. Mimi naona hiyo ni hasara, ingawa kwa usalama wa nywila za wanafunzi naikubali.

Hata hivyo, alichojifunza mtu kwenye Openbox hakipotei. Programu ya labwc, iliyoandikwa kwa ajili ya Wayland, imefuata mpangilio wake hadi majina ya mafaili, rc.xml na menu.xml, na mwaka 2024 Raspberry Pi waliihamia. Mpangilio huo ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, na leseni ya Openbox, GPL, iliruhusu hata msimbo wenyewe kusomwa, kubadilishwa na kusambazwa, kwa sharti kwamba anayesambaza toleo lake atoe msimbo kwa leseni hiyo hiyo.

Napendekeza mchana, tutakapokaa kwenye mashine, kila kikundi cha semina hii kiandike menyu ya somo moja, tuijaribu kwa akaunti ya mwanafunzi, kisha tugawiane mafaili hayo kwa flashi kabla ya kuondoka.