Vitabu vya Chama ni Kumbukumbu ya Wakulima

(Hotuba ya mwanafunzi wa historia mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nashukuru kupewa nafasi ya kueleza niliyoyaona wakati wa likizo, nilipokuwa nikitafuta habari za ushirika wa kahawa katika Bukoba na Muleba.

Kazi ya namna hii si ngeni nchini. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wazee wale wamekwisha kufariki, lakini maneno yao yamebaki kwa kuwa yaliandikwa kwa wakati wake.

Kwetu nako yapo ya kuandikwa. Kabla ya Wajerumani, kahawa ya Buhaya ilichemshwa, ikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwayo. Ilipokuwa zao la biashara, mkulima alitaka sauti katika bei. Katika miaka ya 1930 Klemens Kiiza na wenzake waliendesha chama cha wakulima wenyeji ili wauze kahawa yao wenyewe. Mwaka 1937 wakulima walizipinga kanuni za kilimo cha kahawa za serikali ya kikoloni. Mwaka 1950 kikaundwa chama kikuu cha Bukoba, BNCU. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu viundwe upya.

Ndugu zangu, tarehe hizo zinapatikana maktabani. Lakini ni nani aliyesimamia mizani kijijini? Mwanachama wa kwanza alipata wapi fedha ya kiingilio? Ni nani aliyeuza kahawa ingali mtini kwa butura, na chama kilimsaidiaje? Majibu yamo katika daftari la wanachama, katika stakabadhi na mihtasari ya mikutano, na katika vifua vya wazee.

Mzee mmoja wa Muleba aliniambia, "Mjukuu wangu, umechelewa, waliojua wamelala chini ya migomba." Hata hivyo alinisimulia tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Katika chama kimoja nilikuta vitabu vya zamani sakafuni, mchwa wamekula kurasa za mwanzo. Majina ya waanzilishi hayasomeki tena. Katika chama kingine katibu alikuwa amevipanga juu ya rafu, mwaka kwa mwaka. Humo niliifuata familia moja tangu babu aliyejiunga hadi mjukuu anayeleta kahawa leo. Kitabu kama hicho hakimfai mwanafunzi peke yake. Siku warithi wanapogombania hisa za marehemu, ndicho shahidi asiyependelea.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, vitabu viondolewe sakafuni, viwekwe pakavu, wala visitolewe kufungia bidhaa. Pili, kila katibu aandike orodha ya vitabu vilivyopo, na anapokabidhi ofisi aikabidhi pia orodha hiyo. Tatu, kila chama kimteue kijana mmoja awahoji wazee waanzilishi walio hai, aandike majina, miaka na maneno yao, kisha awasomee wayathibitishe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia nayo ni mali ya wanachama.