Nilipoachishwa Chuo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani na mhitimu wa Kidato cha Sita mwaka 2001, ambaye sasa ni Afisa Utumishi katika halmashauri ya wilaya)



Kila tunapokutana hapa husimama mmoja wetu akaeleza jinsi alivyofaulu. Kamati iliponiomba niseme safari hii, nilikubali kwa sharti moja: niruhusiwe kueleza jinsi nilivyoshindwa. Katibu alicheka akidhani natania. Sikuwa natania. Mwaka 2002 niliachishwa masomo ya Chuo Kikuu baada ya mwaka mmoja tu. Wengi wenu, hata wale tuliolala bweni moja, hamjapata kulisikia jambo hilo kutoka kinywani mwangu.

Nilifika shuleni hapa mwaka 1995 nikiwa Kidato cha Kwanza, nikaondoka mwaka 2001. Mchepuo wangu ulikuwa Fizikia, Kemia na Hesabu, na sikumbuki muhula ambao nilitoka nje ya watano wa kwanza. Matokeo yalipotoka nikachaguliwa kusomea uhandisi. Hakuna aliyeniuliza kama naupenda uhandisi, wala mimi sikujiuliza. Mwenye alama kama zile alikwenda uhandisi, basi.

Wadogo zangu, chuoni hakuna kengele. Hapa tuliamshwa alfajiri kwa ile rimu ya lori iliyoning'inia mwembeni, na usiku mwalimu wa zamu alipita dirishani kuona nani anasinzia. Kule hakuna anayekuamsha, na hakuna anayeuliza ulikuwa wapi. Jaribio langu la kwanza la Hesabu nilipata alama 31 katika 100. Nikaikunja karatasi ile nikaificha chini ya godoro. Kulikuwa na semina, ambako mwanafunzi asiyeelewa hupewa nafasi ya kuuliza. Mimi niliketi nyuma, kimya, kwa sababu sikutaka mtu ajue kwamba kijana aliyekuwa wa kwanza huko atokako haelewi kitu. Mwisho wa mwaka nilianguka masomo matano. Mwezi Septemba nikafanya mitihani ya marudio, nikaanguka matatu. Orodha ikabandikwa ubaoni, na namba yangu ilikuwa miongoni mwa walioachishwa. Vijana mna neno lenu: kudisko. Nilidisko.

Sasa sikilizeni nilichofanya baada ya hapo, maana hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la mitihani. Sikwenda nyumbani. Nilihamia Manzese katika chumba cha rafiki yangu, mhitimu wa shule hii hii, nikamwandikia baba barua kwamba masomo yanaendelea vizuri. Mchana nilizunguka mjini nikiwa na madaftari mkononi ili watu wa mtaani wanione mwanafunzi. Nilijiambia kwamba nitapata kazi kwanza, kisha nitasema.

Katikati ya Novemba nikapata barua ya baba kutoka Urambo. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku, ekari mbili. Aliandika kwamba kwa kuwa naingia mwaka wa pili na mahitaji yameongezeka, ameongeza ekari ya tatu kwa ajili yangu, na amekwisha kuchukua mbolea yake kwa mkopo katika chama cha msingi. Ndugu zangu, niliisoma barua ile nimesimama, kisha nikaketi chini. Mzee wa miaka 61 alikuwa anaingia katika deni kwa ajili ya mwaka wa pili ambao haukuwapo.

Wiki ile ile nilipanda treni. Nilifika stesheni ya Urambo, nikatembea hadi nyumbani, na jioni hiyo, baada ya kula, nikasema yote. Mama alilia. Baba alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema neno moja tu: "Mwanangu, ungeniambia mwezi wa tisa nisingechukua mbolea ile." Hakunitukana wala hakunipiga. Hadi leo, nikikumbuka mwaka ule, neno lile huniuma kuliko orodha ya ubaoni.

Asubuhi akanionyesha ile ekari ya tatu. Ilikuwa yangu. Nilihamisha miche mvua zilipoanza, nikapalilia, nikakata maua, nikachuma majani, nikakesha kwenye bani nikichochea kuni ili joto lisishuke. Kazi ya tumbaku haimwachi mtu akalala sana, lakini humwacha akafikiri.

Katika msimu huo nilikuja hapa shuleni siku moja kumwona mwalimu wetu wa Hesabu, ambaye wengi mnamfahamu. Aliniuliza kwa nini nilianguka. Nikamtajia sababu tano: mihadhara ilijaa watu, vitabu vilikuwa vichache, mhadhiri alikwenda haraka, chumba kilikuwa na kelele, posho ilichelewa. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hizo ni sababu za chuo. Zako ziko wapi?" Akanipa daftari na kunituma niziandike. Ilinichukua majuma matatu. Niliandika mbili tu. Ya kwanza, niliona aibu kuuliza. Ya pili, sikuutaka uhandisi. Niliitaka sifa yake.

Bila ya sababu hizo mbili ningefanya uamuzi mbaya. Nia yangu ilikuwa kuomba uhandisi tena katika chuo kingine ili nifute aibu. Ningekwenda na aibu ile ile na uvivu ule ule wa kuuliza, nikaanguka mara ya pili.

Msimu wa soko wa mwaka 2003 katibu wa chama cha msingi aliniomba nimsaidie kuandika uzito na madaraja ya marobota, kwa kuwa karani wake alikuwa mgonjwa. Nikaona kwamba kazi ya kumbukumbu na watu naiweza, na tena naipenda. Mkulima akibisha uzito wa robota lake nilimfungulia daftari, tukahesabu pamoja hadi akaridhika. Tumbaku ya ekari yangu ililipa deni la mbolea, ikabaki fedha kidogo. Baadaye nikapata kazi ya muda ya ukarani katika halmashauri, na mwaka 2004 nikajiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kile kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992, ambacho humwezesha mtu kusoma huku akifanya kazi. Nilisoma usiku, nikafanya mitihani katika kituo cha Tabora. Shahada yangu ya kwanza ya Sanaa ilinichukua miaka saba. Wenzangu wa mwaka 2001 walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa wa idara nilipovaa joho. Lakini safari hii kila nilipokwama niliuliza, hata kwa vijana niliowazidi miaka kumi.

Wadogo zangu, sisemi haya ili mkadhani kuanguka ni jambo dogo. Kunapoteza miaka. Lakini kati yenu wapo watakaofikwa, nao nawaachia maneno manne.

Kwanza, sema nyumbani juma lile lile. Usingoje kupata kazi wala kupata chuo kingine. Mficha maradhi kifo humwumbua; na kabla hakijamwumbua, kuna mtu mahali fulani anachukua mkopo wa mbolea kwa ajili yake.

Pili, kabla hujaondoka chuoni, chukua karatasi zako: matokeo yako yote na barua ya kuachishwa. Soma kanuni za mitihani. Kama ulikuwa mgonjwa na una hati ya hospitali, au alama zimekosewa, kata rufaa kabla muda haujapita. Kama huna sababu hiyo, usipoteze miezi ukibembeleza ofisi. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambayo ilianza kazi mwaka 2005, ujue kwamba deni halifutiki kwa kuwa umeachishwa. Nenda ukaulize unadaiwa kiasi gani.

Tatu, andika sababu zako mwenyewe kabla ya kuandika maombi mengine. Ukikuta sababu ni njia ya kusoma, badili njia. Ukikuta ni somo lenyewe, badili somo. Ukikuta ni ugonjwa au shida ya nyumbani, ishughulikie hiyo kwanza. Ndipo uchague: kuanza upya mwaka wa kwanza mahali pengine, kwenda chuo cha stashahada, kujifunza ufundi, au kufanya kazi huku ukisoma. Mimi kazini kwangu napokea vyeti vya watu kila siku. Sijapata kumnyima mtu nafasi kwa sababu stashahada yake ilitanguliwa na mwaka mmoja uliopotea. Nimepata kumnyima aliyeficha mwaka ule kwa karatasi ya uongo.

Nne, fanya kazi ya mikono au ya ofisi wakati unafikiri. Mtu akilala kitandani akifikiri hali yake, hufikiri jambo moja tu.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa chama chetu. Orodha yetu ina madaktari, walimu, wanasheria na wakulima. Ninaomba watu watatu wajitolee, na majina yao yabandikwe pale ubaoni karibu na ofisi ya Mwalimu wa Zamu, ili kijana wa shule hii akiachishwa chuo ajue nani wa kumwendea kabla hajaenda kujificha Manzese. Mimi najitolea kuwa wa kwanza. Bado wawili.

Baba alifariki mwaka 2014. Alikuwapo siku nilipovaa joho, akaliangalia, akauliza bei ya kulikodi, akasema ni ghali. Ekari ile bado tunailima. Siku hizi ni mahindi.